Ampulu ya Buji Mia

Samaki wale niliwachukia, na mpaka leo siwaombi msamaha. Walikuwa kumi na mmoja, wadogo kama kucha, ndani ya sanduku la kioo lenye maji na majani, sebuleni kwa Bwana, Mbelgiji aliyesimamia mashine za mgodi wa dhahabu pale Salamabila. Mimi nilikuwa mpishi wake, na sanduku nalo likawa mzigo wangu. Majani nilikuwa nikiyatoa mtoni mwenyewe, nayapanda mchangani, nabadili maji. Juu yake ilining'inia ampulu, ndiyo taa ya umeme kwa maneno yetu, kwa sababu sebule ile ilikuwa na giza kama ghala. Bila mwanga majani yanaoza, maji yananuka, samaki wanakufa.

Ampulu ilikuwa imeungua tangu wiki moja, na majani yamekwisha kugeuka njano, ndipo dada yangu alipofika kutoka Wamaza, kijijini kwetu. Alikuwa ametembea siku mbili.

"Mama hainuki tena mkekani," akaniambia hata kabla ya kunywa maji. "Anakuuliza weye. Usiniambie kesho."

Nikaenda kwa Bwana, mikono nyuma. Mtu wa kontra kama mimi, yaani wa mkataba, kutoka kambini bila karatasi ya njia yenye sahihi ya Bwana kulikuwa ni kutoroka kazi, na mtoro alifungwa. Akanisikiliza, kisha akatazama sanduku. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha tu.

"Majani kwanza. Majani ikisimama, weye kwenda. Tafuta ampulu ya buji mia."

Dada akarudi peke yake, na chumvi kidogo niliyompa kwa ajili ya mama. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa kambi, na hapo nikasimama kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Sasa sikia upumbavu wangu. Buji ni mshumaa. Wazungu wa wakati ule walipima nguvu ya ampulu kwa mishumaa: ya buji ishirini na tano ni hafifu, ya buji mia ni kali. Hilo nililijua, nimelisikia mezani mara ngapi! Lakini roho ilikuwa juu juu. Nikamwandikia mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka Kasongo, ambaye tulizoea kumwagiza vitu: "Ampulu moja, buji mia, upesi, mama ni mgonjwa." Barua nikampa dereva wa kamyo, lori la kwenda Kasongo.

Siku nane. Kamyo ikarudi na katoni, nikaifungua jikoni. Mishumaa mia moja, imefungwa vizuri kwa gazeti, na ampulu moja ya tochi, ndogo kama punje ya hindi. Na kikaratasi: "Mungu amwafu mama yako. Mishumaa hii mkeshe naye."

Nikacheka kama mwendawazimu, kisha nikakaa chini sakafuni nikalia. Nimkasirikie nani? Mzee wa watu alisoma "mama ni mgonjwa" akaniona binadamu. Aliyekuwa na mwanga kichwani ni yeye, si mimi.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikaenda kwa karani wa ghala la mgodi, nikamshika magoti. Taa za pale zilikuwa za mitambo, si za nyumba, na angeweza kufukuzwa. Akatazama huku na huku, akanipa nne. "Chukua, ndugu. Lakini mi sikukuona."

Ya kwanza ilikuwa ya kioo kisicho na rangi, buji mia kweli. Nikaifunga asubuhi, kufika saa sita maji yalikuwa ya moto kama ya kuoga mzazi, na samaki wako juu wanatweta. Ala! Nikaing'oa kwa kitambaa, nikaungua vidole. Ya pili ilikuwa ya kioo cheupe kama maziwa, kinachofifisha mwanga. Ilipendeza sana machoni, lakini baada ya siku tatu majani yakazidi kulegea. Siku tatu za mama yangu hizo. Mwisho nikazifunga zile mbili zilizobaki, za buji hamsini, pamoja, nikazipandisha kiganja kimoja juu ya maji, nikakata debe la mafuta nikalipinda juu yake ili mwanga wote ushuke. Nikalala hapo hapo, mkono wangu ndani ya maji kupima joto.

Siku ya tano majani yakatoa vipovu vidogo vidogo, vinapanda kama shanga. Yalikuwa yamesimama, kijani kabisa. Mbio nikamwita Bwana.

Akapiga magoti mbele ya kioo akifurahi kama mtoto. Akanipiga bega. Nikasema, "Bwana, karatasi."

"Karatasi? Hapana. Weye moja tu iko najua hii taa. Weye kwenda, nani kuangalia?"

Jamani. Nilitamani kulipasua lile sanduku na samaki wake wote. Sikulipasua. Nilivua aproni, nikaitundika msumarini, nikaenda Wamaza bila karatasi.

Nilimkuta mama hai. Alikuwa amekwisha kabisa, mkeka tu ndio ulioonekana. Dada akamwinua kichwa.

"Mutoto wangu, kitu gani ilikukamata?"

"Kazi, mama."

"Kazi gani?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia: taa ya samaki wa Bwana.

"Hao samaki, munakula?"

"Hapana, mama. Ni wa kutazama tu."

Akafumba macho, akitafuta pumzi. Nilidhani amelala.

"Na sasa wamepona?"

"Wamepona, mama."

"Eeh," akasema. "Basi ni vizuri."

Afadhali angenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa njia nzima. Alikufa kesho yake adhuhuri, na polisi wa kambi walinikuta hata sijanawa udongo wa kaburi.