Barua ya Kupumzika

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, katika hospitali moja hapa Lushoto, nikisubiri kunyooshwa bega. Mbele yangu alikaa mama mmoja kutoka kijiji cha Mlola, mkulima wa kabeji, aliyeugua polio utotoni. Mguu wa kushoto ulibaki mwembamba tangu hapo. Sasa ule mzima nao ulikuwa unamwangusha.

"Kila asubuhi naupandisha mlima ili upate nguvu," alimwambia mtaalamu, kijana aliyemwamkia shikamoo. "Lakini unazidi kulegea."

Kijana alichuchumaa, akaushika mguu ule mzima kwa mikono miwili. "Mama, huu umefanya kazi ya miguu miwili maisha yako yote. Ukiulazimisha, utaumaliza. Fanya mazoezi mepesi, uache kabla hujachoka, kisha upumzike."

"Nitapona?"

"Hapana, mama. Tutazilinda nguvu zilizobaki."

Mama alishusha kanga hadi kwenye vifundo. "Tangu utotoni naambiwa nijikaze," alisema. "Leo wewe unaniambia nisijikaze."

Halafu akaomba karatasi. Kijana akadhani anataka kuandikiwa dawa.

"Hapana, mwanangu. Andika kwamba nipumzike. Nikisema mwenyewe, nyumbani wataniita mvivu. Na upige muhuri."

Kijana akaandika, akagonga muhuri. Siku hizi za biashara huria sokoni kwetu kuna kila kitu, hata sabuni za ng'ambo, ila pumziko la mama mkulima lazima lithibitishwe na ofisi. Pale kwenye benchi tulipokuwa tukisubiri hakuna aliyecheka. Mama mwingine, mwenye miguu yote mizima, aliuliza kama naye anaweza kuandikiwa.