Kambi Yetu Ilipohamia Linux

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi, si kompyuta. Kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, na kazi yangu ilikuwa kusugua nyuzi zilizonasa kwenye misumeno, yale meno ya chuma yanayotenganisha pamba na mbegu zake. Meneja wa Kiwanda, Mhindi aliyezaliwa pale pale mjini na aliyekijua Kisukuma kuliko baadhi yetu, alinikuta nimeacha brashi chini, nimeingiza kichwa kwenye boksi la gia.

"Masanja, umepoteza nini humo?"

"Sijapoteza kitu, mzee. Nataka kuona kinachozungusha."

Nilijua nimefukuzwa. Badala yake akamwita fundi alete spana. "Fungua," akaniambia. "Mashine usiyoweza kuifungua si yako, hata kama umeinunua. Bado ni ya yule aliyekuuzia."

Nimefanya kazi na wakubwa wengi baada ya huyo, wenye shahada za kila rangi, na sikumbuki aliyenifundisha zaidi kwa maneno machache kama hayo.

Vijana mnaosoma leo kwa mikopo mnisamehe nikijisifu kidogo. Mimi sikupelekwa masomoni na serikali, wala sikuwa na mjomba wizarani. Sekondari niliisoma jioni, mikono ikinuka mafuta ya mashine. Ng'ombe niliowapata kwa jembe langu mwenyewe kule Kishapu ndio walionipandisha ndege mpaka Bangalore, India, kwenye chuo cha ufundi wa kompyuta alichonielekeza Meneja. Mchana nilisoma, jioni niliunganisha kompyuta katika duka la mtu. Nikarudi na diploma. Ipo ukutani kwangu Mhunze hadi leo, na mgeni asipoiulizia, naiulizia mimi mwenyewe.

Nilirudi katikati ya miaka ya tisini, wakati watu wa kila kabila walikuwa wanamiminika Geita kwa ajili ya dhahabu. Nikaajiriwa na kampuni moja ya utafiti iliyokuwa na kambi nje ya mji. Hatukuwa tunachimba. Tulichoronga, yaani tulitoboa ardhi kwa mtambo, tukatoa vipande vya mwamba, tukavipeleka maabara kupimwa kama vina dhahabu. Majibu ya vipimo yaliingizwa kwenye kompyuta, na kila Ijumaa yalinakiliwa kwenye disketi, kile kisahani chembamba ndani ya ganda la plastiki, ikapanda ndege ndogo kwenda makao makuu Dar es Salaam. Makao makuu yasipopata majibu, mtambo ulisimama, kwa sababu wao ndio waliosema tuchoronge wapi wiki inayofuata.

Kambi iliongozwa na Mjiolojia Mkuu, mtaalamu wa miamba, Mzaramo mrefu asiyecheka ila kwa utani. Na kama mjuavyo, Wazaramo na sisi ni watani. Alipoisoma diploma yangu siku niliyoripoti, aliigeuza, akatazama na nyuma.

"Msukuma amekwenda mpaka India," akasema. "Ng'ombe walibaki na nani?"

"Niliwauza, mzee. Nilisikia Wazaramo wako njiani."

Tangu siku hiyo kambi nzima ikaniita Diploma, na sikuwahi kumkatalia mtu.

Aliyeingiza majibu kwenye kompyuta alikuwa Mama Kulwa. Mume wake alifukiwa na duara, shimo la wachimbaji wadogo, akamwachia mapacha wadogo, Kulwa na Doto. Alianza kambini kama mpishi, akajifunza kupiga taipu kwa kutazama tu, na sasa mshahara wake ndio uliowaweka watoto shuleni. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, akanitazama juu mpaka chini, akajibu, "Mwangaluka. Wewe ndiye uliyeletwa kutupunguza?"

"Nimeletwa kurekebisha mashine, si watu."

"Haya. Tutaona nani ataanza kufa."

Mashine ndizo zilizokuwa zinakufa. Umeme wa jenereta ulipanda na kushuka, vumbi jekundu liliingia kila tundu, na mfumo endeshi uliokuwemo, yaani ile programu mama inayoziongoza nyingine zote, uliganda kila tulipouzidishia kazi. Ukiganda, ulikuonyesha ujumbe wa maneno machache usiosema chochote, na huna pa kuingilia. Umefungwa kama sanduku lililopigwa ribiti. Tuliwaandikia Dar, tukaambiwa tununue toleo jipya zaidi, ambalo lilihitaji kompyuta mpya zaidi, ambazo hatukupewa.

Nilikuwa na sidii moja niliyotoka nayo Bangalore. Ndani yake ulikuwamo mfumo uitwao Linux. Nikamweleza Mjiolojia Mkuu hivi: mfumo huu umeandikwa na watu wengi wa nchi mbalimbali, na maandishi yake yote yako wazi. Ukitaka kujua kwa nini kitu kimekwama, unafungua na kusoma. Ukitaka kuupunguza utoshe kwenye mashine dhaifu, unauchonga mwenyewe. Tena hauuzwi, unagawiwa.

"Kitu cha bure kina kasoro gani?" akauliza.

"Hakikufanyii kazi, mzee. Unakifanyia wewe. Hakuna picha za kubofya. Kila kitu unaandika amri kwa mkono."

Alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Nikauweka. Nilichonga kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na vyuma, nikatoa kila tusichokihitaji kama mtu anavyopogoa mti, na kompyuta ile ile iliyokuwa ikiganda kabla ya chai ya saa nne ikafanya kazi mpaka tulipoizima wenyewe. Niseme ukweli: mkoa mzima wakati ule sikumjua mwingine aliyeweza kazi hiyo.

Mama Kulwa hakufurahi. Alikuwa amezoea picha, na sasa alikaa mbele ya skrini nyeusi yenye mstari mmoja unaopepesa.

"Diploma, hii inaningoja mimi nianze?"

"Ndiyo, mayu."

"Mgeni gani huyu, anaingia nyumbani kwa mtu halafu anangoja kusalimiwa kwa Kiingereza?"

Lakini alijifunza. Kuingiza majibu alikuweza mapema. Kilichokuwa kigumu ni disketi. Katika mfumo wa zamani uliichomeka, ukanakili, taa ikizimika ukaichomoa. Katika Linux kuna amri tatu. Ya kwanza, *maunti*, inaipandisha disketi ili mfumo uitambue. Ya pili, *sipi*, inanakili. Ya tatu, *yumaunti*, inaishusha. Na hiyo ya tatu ndiyo yenye roho ya kazi, kwa sababu mfumo ule ni mjanja: ukiuambia unakili, unaweza kuyashika majibu kichwani mwake kwanza na kukuonyesha kwamba kazi imekwisha, kumbe hayajaandikwa kwenye disketi. Unapoishusha ndipo mfumo unapoyamwaga yote kwenye disketi.

Ijumaa ya kwanza ndege ilikuja mapema. Pale kambini ndege ikizunguka juu kila mtu alikimbia, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa malisho ya mbuzi wa jirani, na rubani hakutua mpaka watu wawafukuze. Mama Kulwa alisikia mngurumo, akaona taa ya disketi imezimika, akaichomoa kama alivyozoea, akatimua mbio na wenzake. Ndege ikaondoka.

Kesho yake redio koli iliita. Mjiolojia Mkuu alisikiliza, akasema "nimepokea" mara kadhaa, akatuita ofisini. Hakuwa na utani.

"Disketi imefika tupu. Mtambo umesimama." Akanigeukia. "Nakupa mpaka Ijumaa. Ikifika tupu tena, unarudisha mfumo wa zamani." Kisha kwa Mama Kulwa, kwa sauti ya chini zaidi: "Na wewe mama, makao makuu wamesema watamleta karani wao. Nimewaomba wangoje Ijumaa hiyo hiyo. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Mama Kulwa aligeuka. Alirudi mezani, akafuta vumbi kwenye kibodi kwa ncha ya kanga, akaketi. Baadaye aliniambia, bila kunitazama, "Jikoni wameshaajiri mwingine. Sina pa kurudi."

Tulianza mazoezi. Asubuhi, mchana, kila alipopata nafasi. Tukiwa kimya ofisini alizifuata amri zote tatu bila kosa. Lakini nikimwambia mlinzi apige kelele "Ndege!", mkono wake ulikwenda kwenye disketi wenyewe. Mara zote. Akili ilijua, mkono haukujua.

"Mimi si mjinga, Diploma," alisema siku moja, macho yamejaa.

"Sijasema, mayu."

"Basi mkono huu una nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho hawakukifundisha Bangalore. Kabla ya kiwanda na kabla ya ndege, mimi nilikuwa mpiga ngoma wa kundi la kulima. Kwetu, ukiwa na shamba kubwa unaliita kundi, linakuja na ngoma, na watu wanalima kwa bugobogobo. Mwimbishaji anaita, safu inaitikia, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Jua liwe kali, mvua ianze, chakula kinukie, hakuna anayetoka kwenye safu mpaka mwimbishaji aite wito wa mwisho wa kushusha majembe. Anayetoka kabla yake huimbwa mpaka anahama kijiji.

Nikachukua debe la sampuli, nikalipiga.

Mama Kulwa akageuka. "Unafanya nini?"

"Wewe umelima bugobogobo?"

"Unamuuliza Msukuma kama amelima?"

"Basi imbisha. Wito wa kwanza ni *maunti*."

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, halafu akacheka, kicheko cha kwanza wiki ile. "Yaani umekwenda mbali kote huko, ukauza na ng'ombe, ili uturudishie bugobogobo!" Lakini nilipopiga tena, bega lake lilishajibu. Akaita *maunti* kwa sauti ya shambani, nikaitikia. Akaita *sipi*. Kufikia jioni alikuwa ametunga mashairi ya katikati, yakiwemo mawili ya kuwasema Wazaramo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na wito wa mwisho, *yumaunti*, aliuvuta mrefu, kama unavyovutwa shambani, na mkono wake ulikaa juu ya kibodi mpaka wito uliposhuka. Mlinzi alipiga kelele za ndege mpaka sauti ikamkauka. Mkono haukwenda.

Ijumaa ikafika. Mama Kulwa alikuwa bado ananakili tuliposikia mngurumo. Kambi ikatoka mbio, mbuzi wakatawanyika, ndege ikatua huku rubani akiacha injini inazunguka. Mjiolojia Mkuu akasimama mlangoni.

"Mama, disketi! Rubani anasema kuna wingu linakuja, anaondoka sasa hivi!"

Alikuwa anaimba chini chini. Hakugeuka.

"Mama Kulwa! Taa imezimika, naiona kutoka hapa! Itoe!"

Nilikuwa nimesimama kando ya meza. Ningeweza kuandika amri ile mimi mwenyewe na kumaliza. Nilifumbata mikono nyuma.

"Mzaramo," akasema Mama Kulwa, macho kwenye skrini, "subiri. Jembe halijashuka."

Nadhani katika maisha yake ya kazi Mjiolojia Mkuu hakuwahi kujibiwa hivyo, na kama si utani angejua la kufanya. Mama Kulwa akaandika amri ya tatu, akauvuta wito wake taratibu. Taa iliyokuwa imezimika ikawaka. Disketi ikaanza kukwaruza, krr, krr, majibu ya wiki nzima yakiteremka kutoka kichwani mwa mfumo. Mjiolojia Mkuu aliisikia ile sauti, akatazama taa, akanitazama mimi. Taa ilipozimika mara ya pili, Mama Kulwa akaichomoa disketi, akainuka, akampa kwa mikono miwili.

"Sasa kimbia," akamwambia.

Na alikimbia, mtu mzima yule, tai imeruka begani.

Jumamosi redio koli iliita. Mjiolojia Mkuu alisikiliza, kisha akatoka kwenye baraza na kusema kwa sauti ya kambi nzima kusikia, "Dar wamepata kila kitu. Na mwambieni yule karani wao asisumbuke kupanga nguo." Akamgeukia Mama Kulwa. "Lakini mashairi yale kuhusu Wazaramo nimeyasikia."

"Hayo ni nusu tu, mzee. Mengine tunakutunzia msibani kwako."

Nilikaa kambi ile mpaka ilipofungwa, nikahamia nyingine, kisha mgodini, chini ya mameneja wa kila namna, na kila nilipokwenda niliweka Linux. Nimestaafu sasa. Watu huniuliza kama ninajivunia kuitangulia nchi. Ninajivunia, kwa nini nidanganye? Lakini ninyi mnaoanza, shikeni jambo moja: mfumo unaokufungulia ndani yake unakudai mikono, na mikono ya mtu ina mahali ilikolelewa. Ukimfundisha mtu, anzia hapo. Hayo hayamo kwenye diploma, na naisema diploma hiyo kwa heshima zote.

Mwezi uliopita simu yangu iliita, sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Shikamoo baba. Mimi Kulwa, wa Mama Kulwa wa kambini. Niko ofisi moja ya mgodi, upande huu wa Kahama."

"Marahaba, mwanangu! Doto hajambo?"

"Hajambo, ni mwalimu. Baba, juzi mwenzangu alitaka kuchomoa flashi yangu kwenye kompyuta, nikajikuta nimemwambia 'jembe halijashuka.' Ofisi nzima ikacheka. Nimemuuliza Mama hayo maneno ameyatoa wapi, amesema nikuulize wewe."

"Mama yako mzima?"

"Mzima kabisa. Amesema ukianza kujisifu nikate simu."

Nikamsimulia yote, kuanzia ile brashi ya kiwandani. Hakukata.