Wivu ulivyonifanya nimseme mke wangu kupitia tamthilia ya Waingereza, hapa Dubai

Wakuu, habari za muda huu.

Najua humu mnanijua kwa utani, lakini ya leo kama ina neno la kutunga, mods wanifungie akaunti na bando langu wagawane.

Mimi ni Mbongo, naishi Bur Dubai, kazi yangu ni kupakia na kupakua maboksi kwenye ghala moja kule freezone ya airport. Shule niliishia form two. Sikufukuzwa, tuliachana kwa makubaliano. Kiingereza changu nimekiokota kazini: "lift", "careful", "who break this". Zaidi ya hapo nabahatisha.

Mke wangu namwita Rehema. Yeye anafanya kazi za ndani Al Barsha, kwa madam mmoja wa Kiingereza. Madam ndiye kafeel wake, yaani mdhamini wa viza yake, lakini ni mtu muelewa, alimruhusu awe anarudi kulala nyumbani kwa vile ana mume. Wanaojua maisha ya huku wanajua hiyo ni bahati ya mtende.

Sasa kabla sijaenda mbali, mnijue. Mimi nina wivu, wakuu. Si ule wa kawaida. Kuna siku nilimnunia Rehema mpaka chakula kikapoa kisa alimwambia dereva wa teksi "shukran" kwa sauti niliyoiona laini mno. Dereva mwenyewe ana mvi mpaka kwenye masikio.

Tuendelee.

Flat yetu ni ya kushea. Sisi tuna kachumba ketu kamekatwa kwa mbao, ukipiga chafya jirani anakwambia afya. Sebule ni moja, jiko moja, na wote ni Waswahili: Wabongo, Wakenya, Waganda, na Bi Shufaa. Huyu Bi Shufaa ni mama wa Unguja, umri wa mama yangu kabisa, na ndiye serikali ya nyumba. Ukiacha sufuria chafu anakusomea risala mbele za watu.

Tamthilia ililetwa na Rehema. Aliianza kwa madam, akiwa anapiga pasi. Ni ya Waingereza, mtaa mmoja, nyumba zimeshikana, kuna baa kwenye kona, na kila mtu anajua ya mwenzake. Hakuna bunduki, hakuna kuruka maghorofa. Wanagombana, wanachemsha chai, wanagombana tena.

Nilipoiona nikasema huku si uswahilini kwetu tu, ila kuna baridi?

Basi Jumapili, siku ambayo wengi wetu tuko off, tukishakula mchana tunaiweka sebuleni. Tatizo likawa lugha. Wale Waingereza wanaongea kama wana viazi vya moto mdomoni, na maandishi ya chini yanapita mbio kama yanachelewa shift.

Hapo ndipo nilipopata cheo.

Waliokulia vibanda umiza wananielewa. Zile muvi ambazo kuna DJ anaongea juu yake kwa Kiswahili, anatafsiri na chumvi anaweka. Nikasimama pembeni ya TV, nikashika rimoti kama maiki, nikaanza kumwaga.

Sikuwa naelewa kitu, wakuu. Nilikuwa naangalia sura. Mtu akikunja uso namtafutia kosa. Mwenye baa nikamwita Mama Baa. Kuna jamaa mmoja hana nywele nikamwita Kipara, ndiye steringi wangu. Mdogo wake anayevaa koti refu nikamwita Koti. Kipara akiingia baa mimi nasema, "Mama Baa, nani kala kiporo changu?" Sebule nzima chini. Bi Shufaa anafuta machozi kwa ushungi, "Ewe mtoto, utaniua!"

Na Rehema anacheka kuliko wote. Mwanaume ukimchekesha mkeo mbele za watu unajiona una ghorofa.

Kisha akahamia Athmani.

Athmani ni Mkenya wa Mombasa, yuko mapokezi kwenye hoteli moja hukohuko Al Barsha. Shati lake halijawahi kukunjwa tangu lizaliwe. Pafyumu yake inafika sebuleni, yeye bado yuko kwenye lifti. Na Kiingereza anacho, si cha kuokota.

Jumapili yake ya kwanza akakaa kimya, mimi namwaga. Kipara amemshika Mama Baa mkono, nikasema anamtishia kodi ya pango.

Athmani akainua kidole, kwa adabu kabisa: "Ndugu yangu, samahani, usinione vibaya. Huyo hakusema hivyo. Anampa pole, mamake amelazwa hospitali."

Sebule ikanigeukia.

Mganda mmoja akasema, "Kwa hiyo muda wote huu, mzee, ulikuwa unatupiga?"

Nikajichekesha. Lakini ndani kuna kitu kilikatika, pwaa.

Kuanzia hapo kiti ni cha Athmani. Anatafsiri taratibu, neno kwa neno, sauti kama msomaji wa taarifa ya habari. Watu wanasikitika pale pa kusikitika. Mimi nimekaa nyuma karibu na ndoo ya taka, nimekumbatia bakuli la bisi.

Ningevumilia hayo. Kilichonimaliza ni jikoni.

Nikaanza kuona Rehema akikoroga chai, Athmani yupo. Rehema akiosha vyombo, Athmani anafuta. Wanaongea kwa sauti ya chini, tena Kiingereza! Mimi nikiingia, kimya. Rehema anauliza, "Unataka maji?" Kwani mimi mti?

Siku moja nikasimama nyuma ya friji. Nikamsikia mke wangu anasema "my husband", Athmani akamrekebisha kidogo, akarudia "my husband", kisha wakacheka.

Wakuu, mke anafundishwa na mwanaume mwingine namna ya kunitaja! Nilirudi chumbani nikalala na viatu.

Nikapiga hesabu: wote wanafanya kazi Al Barsha. Wote metro moja. Asubuhi wanatoka pamoja. Nikamwambia msimamizi wangu tumbo linauma, nikawafuata.

Nimevaa kofia nimeishusha, nawaona mbele yangu. Treni ikaja, Rehema akaingia, na mimi kwa haraka nikajitosa mlango uleule nikajificha nyuma ya begi la mtu. Nikaangaza macho namtafuta Athmani. Hayupo. Nikaangaza tena. Aisee, mbona humu wote ni akina mama?

Nilikuwa nimeingia behewa la wanawake na watoto.

Kuna mama mmoja wa Kifilipino ananiangalia kama nimetoka kwenye shimo. Mkaguzi akaingia kituo kilichofuata, moja kwa moja kwangu, faini. Rehema ananitazama toka mwisho wa behewa, mdomo wazi. Athmani wa watu alikuwa behewa lingine kabisa, ndivyo wanavyopanda siku zote.

Jioni Rehema akaniuliza, "Ulikuwa unanifuata?"

Nikamwambia nilikuwa naenda hospitali. Akasema, "Hospitali ipi ya Al Barsha inayotibu wivu?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona: aha, kumbe ana majibu, basi kuna jambo.

Jumapili ikafika. Tumekula pilau ya Bi Shufaa, watu wamejaa mpaka mlangoni. Tamthilia ikaanza. Kipara yuko baa, anafoka, anamsukuma mdogo wake Koti. Mke wa Kipara amekaa kwenye kochi la kona, analia.

Nikaona hii imeletwa na Mungu.

Nikasimama. "Leo natafsiri mimi."

Athmani akajisogeza. "Karibu, ndugu yangu, kiti ndicho hicho."

Nikashika rimoti. Kipara akifungua mdomo, mimi nasema: "Wewe mdogo wangu wewe! Umekuja juzi na mashati yako ya pasi, ukapewa chumba karibu na jiko, ukaona pa kupoza roho!"

Watu wakacheka.

"Unamfutia mke wangu vyombo! Kwani mikono yake imekatika?"

Wakacheka, ila si wote.

Sasa mke wa Kipara akaanza kuongea, analia. Nikabana sauti, nikaiga ya kike: "Nisamehe mume wangu, amenichota kwa Kiingereza. Mimi ni mwanamke mwepesi."

Hakuna aliyecheka.

Sebule imetulia mpaka unasikia AC ikidondosha maji. Athmani ameinamia simu ambayo haijawaka. Bi Shufaa kaweka sahani chini. Kwenye TV yule mama wa Kiingereza anaendelea kulia na hana wa kumtafsiria.

Rehema akasema, "Umemaliza?"

Na mimi na mdomo wangu: "Nasubiri tangazo."

Akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema, "Unajua huyo mwanamke anasema nini? Sehemu hii niliiona kwa madam, akanielezea. Anasema ana uvimbe kwenye ziwa. Alimwambia shemeji yake kwanza, kwa sababu mumewe ukimwambia jambo anafoka kabla hujafika nusu."

Nikaishusha rimoti.

"Na mimi nina langu. Mama yake madam amekuja kutoka Uingereza, miguu haina nguvu, hawezi kuamka peke yake. Madam ananiomba nihamie kule, nilale chumba cha karibu naye. Ningekwambia wewe ungeanza na nini? Ungeuliza hiyo nyumba ina dereva mwanaume."

Wakuu, swali la dereva lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi.

"Nilikuwa nakataa," akasema. "Sijui Kiingereza cha kumkatalia bosi bila kumuudhi. Athmani kazi yake ni kukatalia watu vyumba kwa adabu kila siku. Nikamwambia nifundishe. 'My husband doesn't like to be alone.' Ndicho nilichokuwa nakariri jikoni. Mume wangu hapendi kukaa peke yake."

Akachukua rimoti mkononi mwangu, akazima TV.

"Kesho nilikuwa nampelekea jibu. Nitampelekea, ila lingine."

Akaingia chumbani. Zile mbao zetu zilivyo nyembamba, sebule nzima tukasikia zipu ya begi.

Athmani akanyanyuka, akaniambia taratibu, "Bwana, mimi nina mke Likoni na watoto. Ungeniuliza tu, ningekujibu." Akaenda chumbani kwake. Bora angenipiga.

Bi Shufaa ndiye aliyenikalisha kitako. "Mwanangu, umemvunjia heshima mkeo mbele ya kadamnasi. Usiende kumnong'oneza samahani huko chumbani. Utamuomba radhi hapahapa, mbele ya hawahawa. Na huyu kijana pia. Yalla, waite."

Nikawaita. Nikasimama palepale pembeni ya TV, safari hii bila rimoti na bila sauti ya kuiga. Nikaomba radhi kwa Athmani. Nikaomba radhi kwa mke wangu. Sauti ilikatika katikati, Mganda akanipa maji.

Athmani akanipa mkono, "Khalas, yameisha."

Rehema akasema, "Nimekusamehe, na sina kinyongo." Nikaanza kuvuta pumzi. "Lakini kule naenda. Huyo bibi akianguka, anahitaji niwepo. Hapa nilikuwa nakaa ili nisikuudhi."

Nikambebea begi mpaka Al Barsha. Njia nzima namchekesha, anatabasamu kwa upande mmoja. Tulipofika kwenye geti la villa, mlango ulikuwa wazi. Bibi wa Kiingereza, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, kakaa kwenye kiti cha magurudumu na blanketi mapajani, na joto lote hili. Alipomuona Rehema akanyoosha mikono yote miwili.

"Come, darling, it's starting!"

Rehema akacheka. Kile kicheko chenyewe, kile cha kurusha kichwa nyuma, ambacho nilikuwa naamini nakimiliki mimi. Akamsukuma bibi ndani, wakaenda kuangalia tamthilia.

Nikabaki getini, namuonea wivu ajuza asiyeweza kusimama.

Nimejifunza nini? Wivu haukulindii mke, wakuu. Unamfundisha tu kukuficha mambo, hata yale ya kheri. Mimi mke wangu alikuwa anahangaika kujifunza lugha ngeni ili asiniache, na mimi nikamtukana kwa lugha ambayo sote tunaijua.

Kwa sasa anakuja Jumapili, anakaa mpaka alasiri, anarudi. Ananiambia bibi akiondoka ataangalia. Hajasema atarudi, kasema ataangalia. Nimemuuliza bibi anaondoka lini, akaniambia, "Umeanza."

Jana kanipigia kunisimulia kwamba bibi amepiga hatua toka kitandani mpaka dirishani bila kushikwa. Kabla sijafungua mdomo nilitaka kuuliza kama daktari wa mazoezi ni mwanaume. Nikajizuia. Nikasema, "Alhamdulillah, umefanya kazi nzuri."

Kisha akasema, "Na wewe umekula?"

Hilo swali alikuwa hajaniuliza tangu ahame. Nimelala nalo.

Wenye uzoefu wa kurudisha mke aliyekusamehe lakini hajarudi, shukeni hapa chini mnipe mbinu. Wa kunicheka nao waje, nafasi ipo, kitanda chenyewe sasa hivi ni kikubwa. Ila atakayeuliza picha ya Rehema, nitamjua ni nani na anaishi wapi.