Juu ya Nini, Mara Tano

Ilianza siku ya Jumanne, saa moja na dakika ishirini za asubuhi, patroni mwenye kiwanda alipofungua chumba cha fromaji, jibini yetu ya maziwa ya ng'ombe, na kukuta fromaji zote za jana yake zimevimba. Alibonyeza moja kwa kidole, ikabonyea kama mpira. Fromaji ya namna hiyo haiuzwi. Inapewa nguruwe.

Mimi nilikuwa pale juu ya likizo, kumsaidia mama. Nasoma mwaka wa tano wa sekondari, mwandiko wangu ni mzuri, na kwa sababu hiyo tu nilipewa chaki. Madamu mmoja wa mafunzo alikuwa amepanda kutoka Goma kutufundisha kazi bila kupoteza: kila kitu na mahali pake, mistari ya njano kwenye sakafu ya sima, mkutano wa kusimama kila asubuhi, na tablo ya kuandika shida. Akasema mimi njo nitaongoza mabadiliko, ni mimi na si mwingine. Mimi, ambaye nikiitwa darasani najifanya nimeangusha kalamu.

Kwa wiki mbili nilizunguka na chaki yangu nikiuliza shida, na kwa wiki mbili niliandika "hakuna". Mpishi wa maziwa alikuwa analia machozi kabisa juu ya moshi wa kuni mbichi.

"Papa, niandike kuni?"

"Unataka kunigombanisha na mwenye kuni? Andika tuko salama."

Kwetu kuandika shida ya kazi ni kumushitaki mutu. Madamu hakuelewa. Aliniambia tablo safi ni tablo ya uongo, kama vile uongo ulikuwa wangu. Nilichoka. Nilitamani likizo iishe.

Jumanne ile madamu alitusimamisha sisi wote mbele ya zile fromaji. Alisema tutauliza "juu ya nini", yaani kwa sababu ya nini, mara tano, mpaka tufike kwenye mzizi. "Tunatafuta sababu. Hatutafuti muntu."

"Fromaji imevimba juu ya nini?"

"Juu ya maziwa," mpishi akajibu. "Ilikuwa yenye kuharibika. Mimi napika tu kenye nimepewa."

"Iliingia humu juu ya nini?"

"Juu ya vile haikupimwa," mpishi akasema tena.

"Haikupimwa juu ya nini?"

Mama mmoja wa kuosha bidoni, madumu ya maziwa, akasema polepole, "Madamu, si ungeuliza tu juu ya nani? Tungekuwa tumeshamaliza."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, na macho yote yakaenda kwa mama yangu.

Mama njo anapokea maziwa mlangoni. Ana meza ndogo, kikombe na chupa ya alkoli. Unachanganya maziwa kidogo na alkoli kidogo. Ikiganda, maziwa inarudi na mwenyewe. Jumatatu alipima ya watu wote isipokuwa ya papa mmoja, baba mzee anayetembea kwa miguu kutoka upande wa Karuba. Ya huyo aliinusa, akaimwaga ndani ya bidoni kubwa pamoja na ya wengine. Nilikuwa nyuma yake. Hata mimi nilisikia ule ukali: maziwa ya jana jioni iliyochanganywa na ya asubuhi. Niliona, nikanyamaza, na jioni nikaandika "hakuna".

"Mama," patroni akasema, "kesho unaenda kuosha bidoni. Binti yako anajua kusoma, yeye njo atapima."

"Patroni, hatukusema muntu," madamu akasema.

"Ulisema tuulize mara tano. Tumeuliza mara tatu, na jibu tunaiona imesimama pale."

Madamu akafunga daftari yake. Nilitaka kusema kitu. Chaki ikakatika mkononi, na mkutano ukaisha.

Mama amepokea maziwa pale tangu nikiwa shule ya msingi. Wenye ng'ombe wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, wanamuletea habari za ndama. Kwenye bidoni ni maji baridi siku nzima na mgongo kuinama, na kila mutu anajua kwamba ukipelekwa pale umeshushwa. Na aliyepewa mahali pake ni mimi.

Jioni, tukichambua maharage, hakuniangalia.

"Ulitaka nimurudishie mutu mzima maziwa mbele ya vijana wote wale wa foleni?" akasema. "Ng'ombe ya mutu iko kama jina yake. Ukikatala maziwa yake mbele ya watu, atabeba haya mpaka kwake."

"Lakini fromaji imeharibika, mama."

"Najua imeharibika. Unafikiri sina pua?"

Nilikasirika naye. Nilikasirika na patroni aliyeacha kuuliza alipopata mutu, na madamu aliyefunga daftari. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Nikamuuliza, bila kupanga kuuliza, kama mlangoni wangekuwa wawili tu, yeye na yule papa, angefanya nini.

Akachagua jiwe katika maharage, akalitupa.

"Ningemwambia. Mbona ni rafiki yangu. Angeirudisha nyumbani watoto wakakunywa ya kuganda."

Asubuhi yake nilifika kabla ya wenye maziwa. Meza ya kupimia ilikuwa ndani ya mstari wake wa njano, mlangoni kabisa, pale foleni yote inaona. Niliibeba peke yangu, nikaivuka nayo ile mistari, nikaiweka nyuma ya ukuta wa kuni, mahali pasipoonekana. Kisha nikaenda kwenye robine, bomba la maji. Mama alikuwa ameshaanza bidoni ya kwanza.

"Mama, acha hizo. Kaa nyuma kule upime. Mimi nitawatuma mmoja mmoja."

"Patroni amesema?"

"Hapana."

Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaenda.

Yule papa mzee alikuwa wa tatu. Nilimwambia, "Papa, pita nyuma, mama iko anakungoja." Wakakaa kule muda mrefu kuliko wengine. Nikasikia mama anacheka. Papa alitoka na bidoni yake bado nzito, akasalimia foleni, akashuka zake, na hakuna aliyeuliza.

Foleni haijaisha, pikipiki ya patroni ikaingia. Alitazama mstari wa njano uliobaki mutupu.

"Meza iko wapi?"

Nilimwonyesha ukuta wa kuni.

"Nimeihamisha mimi, patroni. Na mama njo anapima."