Kikohozi na Kiu: Nilipomfuata Kaka Tandika

Nilitoka Newala kwa sababu moja: kumrudisha kaka yangu Rashidi nyumbani angali anaweza kukaa kwenye basi. Alikuwa mchonga vinyago Dar es Salaam. Mkewe, wifi yangu Zuhura, alituma habari kwamba kaka anatibiwa kifua kikuu, dawa hakosi, lakini anazidi kukonda. Miaka ile ya tisini mtu akikonda, watu walikuwa na neno moja tu mdomoni: ukimwi. Mama hakutaka afie mbali.

Njiani tulilala, maana barabara ilikuwa mchanga mtupu. Kwenye mto Rufiji tulingoja kivuko tangu asubuhi hadi jua likawa kali, abiria tukigawana mihogo ya kuchoma. Mama mmoja aliniuliza naenda mjini kufanya nini. Nikamwambia naenda kusalimia.

Tandika nilifika mchana. Maduka yalijaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulikuwa tukivipangia foleni. Zuhura alinipokea mlangoni, akanishika mkono tu. Ndani, kaka alikuwa mkekani, mabega yamechongoka, kando yake ndoo ya maji na kopo la glukosi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuona kwanza."

Tulipokuwa tukizungumza alikunywa bilauri baada ya bilauri, na kila mara aliinuka kwenda msalani akijishikiza ukutani.

"Mie glukosi namkorogea kutwa apate nguvu," Zuhura alisema. "Naona haimshiki."

Kesho yake jirani alitupeleka kliniki ya Temeke kwa pikapu yake. Kaka alikuwa anafuata dawa, nami nilitaka kumwombea ruhusa ya kusafiri. Muuguzi, Sista Mwanaidi, alimpima uzito akakunja uso.

"Dawa anameza mbele yangu. Kwa nini uzito unashuka? Kaka, unasikia kiu sana?"

"Sista, mie nalala na ndoo."

"Mbona hukusema?"

"Huwa mnaniuliza kikohozi."

Alitueleza kwamba daktari wao mpya ameagiza kila mgonjwa wa kifua apimwe na kisukari pia, na ndiyo kwanza wameanza. Akachanganya mkojo wa kaka na dawa ya bluu katika kichupa chembamba, akakipasha juu ya moto mdogo wa spiriti. Bluu ikawa kijani, ikawa njano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali, maana yake sukari ni nyingi mno. Kipimo cha damu kikasema hivyohivyo.

"Ana magonjwa mawili," daktari alisema alipotuita chumbani kwake. "Sukari ikiwa juu, mwili unashindwa kupambana na kifua. Kifua kitapona. Sukari haiponi, ila mtu huishi nayo akiitibu."

"Naweza kumpeleka nyumbani?"

"Ukimpeleka sasa utamkosa. Mwache hapa."

Alilazwa, akaanzishiwa sindano za insulini. Zuhura alijifunza kuchoma sindano kwenye chungwa kabla ya kumchoma mumewe. Kaka aliporuhusiwa, insulini tuliihifadhi ndani ya kikombe kilichoelea kwenye mtungi wa maji isipate joto, na kopo la glukosi likatoka chumbani. Wiki zikapita. Kiu ilipungua kwanza, kisha kikohozi. Asubuhi moja nilimkuta uani, tezo ya kuchongea mkononi, gogo la mpingo mbele yake, akinung'unikia chai isiyo na sukari. Niliingia ndani nikalia, na kilio kile kilikuwa cha raha.

Nilirudi kusini peke yangu. Ndani ya basi niliwaza jinsi tulivyokaribia kumzika mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kuhusu kiu. Tangu hapo, nikisikia mtu anakohoa muda mrefu, namuuliza pia anakunywa maji kiasi gani, kisha namwambia aende akapimwe kifua na sukari.

Newala, mama alikuwa kituoni. Aliangalia mlango wa basi mpaka abiria wa mwisho akashuka.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kazini, mama. Anachonga."

Akakaa palepale juu ya mzigo wangu, akaniomba niseme tena.