Goli la Upande wa Bonde

Mwaka wa 1961 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida iliponishika. Mvua ilikataa, ng'ombe wakalala chini wasiamke, baba akafuata, na mwaka wa pili haujaisha mama naye tukamzika. Nilikuwa darasa la pili. Sikurudi tena. Nalisema mapema ili mtu asitafute humu maneno ya wasomi. Kusoma nilijifunza kwa magunia ya mbolea na vibao vya barabarani, na kuandika nilijifunza kwa sababu nilichoka kutia dole gumba kila mahali kama mtu asiye na jina.

Nilichunga mbuzi wa watu kule Tseikuru kwa malipo ya chakula. Nikachimba mchanga mtoni. Nilipofika miaka kumi na saba nikashuka Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, nikaanza kukata akala. Malori yalikuwa yakipasua magurudumu, mimi nikiyageuza viatu. Hakuna mtu alinifundisha. Jozi ya kwanza ilimkata mteja kisigino, ya pili ikamfaa, na ya kumi ilitembea mpaka Voi na kurudi.

Kambu tulikuwa na timu. Haikuwa katika ligi yoyote na hakuna gazeti lililojua kwamba tupo. Wachezaji walikuwa makanika, tanboi wa malori, wachoma makaa, mpishi mmoja wa hoteli, na mimi golini. Niliwekwa golini kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekauka kwa kukata mpira wa magurudumu, basi wakasema mpira wa ngozi hauwezi kuniumiza. Kapteni alikuwa fundi wa malori, mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya kuamsha jogoo.

Siku ninayotaka kuieleza ni Jumamosi moja ya mwaka wa 1975. Tulialikwa Kilungu, huko juu milimani, tushindanie beberu. Wenzangu walikwenda kwa ajili ya beberu. Mimi nilikuwa na jambo langu, na sikumwambia mtu. Kilungu ndiko mke wangu alikotoka, na ndiko alikokuwa amerudi, miezi mitatu, na mtoto wetu wa kwanza mgongoni.

Kosa lilikuwa langu. Nalisema sasa, wakati ule nisingelisema hata kwa kupigwa. Mwaka huo chakula kilikuwa kigumu kwetu tambarare. Mama mkwe akasikia, akajaza gunia la mbaazi na viazi vitamu, akalipakia kwenye lori la mtu anayemjua. Lilipofika kwangu nikaliangalia, nikasema, "Mimi sikuoa ili nilishwe na mama wa mke." Nikalirudisha kwa lori lile lile bila kulifungua. Asubuhi mke wangu alimfunga mtoto mgongoni, akalifuata gunia la mama yake.

Sasa, kumrudisha mke kuna njia yake. Unatuma wazee, wanakaa na wazee wenzao, wanaongea, wanakula, jambo linaisha. Mimi wazee nitawatoa wapi? Jirani mmoja mzee aliyenisindikiza wakati wa kuoa alikuwa amekufa. Na kule kwao baba mkwe pia hakuwa hai. Aliyebaki mwenye nyumba ni mama mkwe, na mama mkwe kwetu Wakamba huendi kumsimamia mbele na kumwambia shida zako. Kuna ile tunayoiita nthoni, ile aibu ya heshima. Ukimwona mama mkwe anakuja njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Humpi mkono. Humtazami usoni. Huli naye. Waliookoka walikuwa wameanza kusema ni mambo ya giza, na mama mkwe mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, lakini nthoni aliishika, na mimi niliishika. Basi ilikuwa hivi: yule ninayepaswa kuongea naye ndiye nisiyeweza kuongea naye, na wa kuniongelea hayuko.

Nilichotaka siku hiyo ni kidogo tu. Nimwone mke wangu kwa mbali, nijue kama ananitazama au ananipa mgongo.

Lori la mchanga lilitushusha njia panda na tukapanda kwa miguu. Sisi watu wa tambarare tulipanda tukihema, tukipita michungwa na migomba, na wenyeji walitupita na mizigo kichwani wakitucheka. Uwanja wenyewe nikaupenda mara moja. Ulikuwa umechongwa ubavuni mwa mlima kwa majembe, kwa kazi ya mwethya, yaani wanawake na wanaume wa kijiji wamekutana siku baada ya siku wakichimba huku na kujaza kule, vile wanavyofanya matuta ya mashamba. Upande mmoja ukuta wa udongo, ambapo watu walikaa kama kwenye ngazi. Upande mwingine, nyuma ya goli, ardhi ilikatika ikashuka tuta moja, kisha lingine, hadi bondeni. Milingoti ilikuwa ya mkaratusi. Nyavu hakuna.

Refa alikuwa mwalimu wa hapo hapo, mwenye kofia ya jua na filimbi shingoni. Alitupanga, akatueleza sheria ya uwanja wao.

"Mpira ukitumbukia bondeni, golikipa wa upande huo ndiye anaufuata. Si mtoto, si shabiki. Golikipa. Asipouleta, mechi imeisha na timu yake imeshindwa."

"Kwa nini golikipa?" kapteni wetu akauliza.

"Kwa sababu wageni waliotangulia walisema watoto wetu wanaficha mpira tukiwa tunaongoza."

"Na walikuwa wanaficha?"

"Walikuwa wanaficha," mwalimu akasema.

Kipindi cha kwanza nilidaka upande wa mlima. Nilidaka vizuri, kusema kweli. Tulifunga moja, wakafunga moja. Nilimtafuta mke wangu kwenye ule ukuta wa watu, sikumwona, na nikaanza kujiambia nimekuja bure.

Kipindi cha pili tukabadilishana, nikaenda upande wa bonde. Jua lilikuwa limehama, na wanawake waliokuwa wakiuza matunda walikuwa wamehamisha vikapu vyao kwenye kivuli cha tuta la chini, nyuma ya goli langu, kama hatua kumi. Nikasikia sauti ikisema, "Chungwa hili usilibonyeze kama hununui." Sikuhitaji kugeuka. Sauti ile niliijua tangu siku za kupeleka mbuzi wa mahari. Na ikafuata sauti ya mtoto akilia, nayo niliijua.

Ndugu yangu, hujawahi kusimama mahali pagumu. Golikipa haruhusiwi kuacha goli, na mkwe haruhusiwi kukaa karibu na mama mkwe. Nilishika mlingoti wa kushoto, ule ulio mbali na ile sauti, nikang'ang'ania hapo kama mbuzi amefungwa. Shati nikalivuta mpaka masikioni. Mpira ukaja kulia, nikauangalia ukipita.

"Golikipa!" beki wangu akapiga kelele. "Uko kazini au unalinda duka?"

Watu wa Kilungu wakafurahi. "Mleteeni blanketi, golikipa wa Kambu analala!" Mwingine akasema, "Msimlaumu, kwao hakuna miti, amependa mlingoti!"

Mbili kwa moja. Kisha wakapiga shuti lingine, likapita juu ya mwamba wa goli, likaanguka kule chini. Nikasikia wanawake wakipiga ukelele, halafu kicheko. Nikasogea mpaka ukingoni, nikachungulia. Mpira ulikuwa umeingia katikati ya kikapu cha mama mkwe, na yeye amekiinamia, ameufunika mpira kwa leso, ameweka mikono juu yake kama mtu anayefunika sufuria.

Nikarudi mbio golini na kuwapa mgongo.

Filimbi ikalia. "Golikipa, fuata mpira."

Sikusogea.

"Fuata mpira! Nahesabu."

Kapteni akaja amekasirika, mishipa ya shingo imesimama. "Wewe mkata akala umerogwa? Beberu anaondoka hivi hivi?"

Nikamvuta refa pembeni, nikamwambia polepole, "Mwalimu, yule mwenye mpira ni mama mkwe wangu."

Mwalimu aliacha kuhesabu. "Mama mkwe kabisa? Mama aliyemzaa mkeo?"

"Kabisa."

Akavua kofia, akajikuna kichwa. Alikuwa mwalimu, alikuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa Mkamba kwanza. "Hiyo," akasema, "haiko kwenye sheria za mpira."

Habari ilipanda ule ukuta wa watu haraka kuliko moto wa nyasi. Mmoja akasema niende kinyumenyume. Mwingine akasema nifunikwe gunia kichwani nishushwe kwa kamba. Na mimi nimesimama pale, mtu mzima, nikitamani ardhi ya Kilungu ikatike tena kidogo.

Ndipo mke wangu akapanda kutoka chini, mtoto mgongoni. Hakuwa na mpira. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Alikuwa amenenepa kidogo, na hilo liliniuma na kunifurahisha pamoja.

"Mama anasema mpira uko salama," akasema. "Anasema kwanza aambiwe gunia lake lilikosa nini."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikapanda kutoka chini. "Mimi sisemi na mtu! Nasema na machungwa yangu. Machungwa, mmewahi kuona chakula kinarudishwa kama barua iliyopotea njia?"

Uwanja mzima uligeuka kunitazama. Hata wale vijana wa matusi. Nikaelewa amenifungulia mlango, na kwamba nisipoingia sasa sitaingia tena. Lakini niingie mbele ya watu mia mbili, na wenzangu wa Kambu wakisikia! Nilikuwa na kiburi wakati ule kama jogoo asiyejua amepangiwa kuchinjwa.

Nikageukia mlingoti. Nikaushika kwa mikono miwili.

"Wewe mlingoti," nikasema kwa sauti ya kufika bondeni, "sikia. Gunia halikukosa kitu. Aliyekosa ni mimi. Nilikuwa na njaa, na nikaona aibu kujulikana nina njaa."

Mtu mmoja akakohoa. 

"Machungwa," ile sauti ikasema, na sasa ilikuwa imeshuka, "muulizeni mlingoti, huyo mtu atakuja lini na wazee?"

"Mlingoti, mimi wazee sina. Baba na mama walilala zamani. Watu nilionao ni hawa niliokuja nao kucheza mpira."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka. Na kapteni, aliyekuwa amesimama karibu, mishipa ya hasira bado shingoni, akaniangalia kwanza kama hajawahi kuniona. Halafu akavuta jezi yake vizuri, akajitokeza ukingoni, akawaangalia wale wanawake.

"Mama," akasema, "mimi ndiye mzee wake. Mechi ikiisha nitakuja kuketi, na hawa tisa ni wazee pia, ingawa wengine hawajaota ndevu. Kwa sasa tunaomba mpira."

"Na mimi nimesikia," refa akasema. "Mimi ni shahidi."

Kisha mama mkwe akacheka. Sikumwona, nilimsikia tu, kicheko cha mtu aliyechoka kukasirika. "Mpelekee mpira wake," akamwambia binti yake, "kabla hajaoa huo mti."

Mke wangu alishuka, akarudi na mpira, akaniwekea mikononi. Ulikuwa unanuka maganda ya machungwa. "Mechi ikiisha umpokee mtoto," akaniambia. "Mgongo unaniuma tangu asubuhi." Hayo tu. Lakini mtu haambiwi ampokee mtoto kama anaachwa.

Mechi ikaendelea. Walitufunga tena mawili, na lile la nne sikuliona, nilikuwa natabasamu. Beberu akabaki Kilungu. Beki wangu hakuongea na mimi mpaka Jumatatu. Kapteni na wenzake walikwenda kwa mama mkwe vile walivyosema, na jasho lao na matope, wakaketi kwenye benchi, wakapewa uji, wakaulizwa maswali ya wazee wakayajibu wanavyojua. Waliulizwa kama mimi hunywa, kama mimi hupiga. Kapteni alijibu kwamba siwezi hata kupiga mpira. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa la shule na mtoto mapajani, nikingoja. Mtoto alikuwa amenisahau. Alinitazama muda, akanishika pua, akaendelea kuishika.

Tulishuka njia panda jua likiwa bado liko, mke wangu mbele na sanduku, mimi nyuma na mtoto. Miezi mitatu sikuwa nimepumua mpaka chini. Siku hiyo nilipumua. Kwenye lori walinitukana mpaka Kambu, na kila tusi lilikuwa tamu.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baadaye. Alinitumia chakula kila msimu, nami nikapokea, nikamtumia akala, pia blanketi, na mwisho mabati ya nyumba. Hatukuwahi kupeana mikono. Hakuna mtu aliyenifahamu kuliko yeye, na sura yake naijua kwa picha tu.

Wanaosema mtu hujijenga peke yake, mimi nilikuwa nawaamini. Haya ndiyo niliyo nayo leo. Shamba ekari kumi na nne Kambu, na lingine ekari mbili Kilungu lenye michungwa. Nyumba ya mawe, vyumba vitano. Tangi mbili za maji ya mvua. Ng'ombe saba, mbuzi thelathini na wawili. Duka la viatu lenye milango miwili, na cherehani ya kushona ngozi. Pikapu moja, ya zamani, inatembea. Mke mmoja. Watoto sita, wote wamemaliza shule. Wajukuu kumi na watano.