Chema Hakikujiuza Makambako

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, Mwingereza akiwa bado anatutawala, niliposhuka kwenye lori pale Makambako nikitoka mkonge. Wenzangu walikuwa wanashusha baiskeli, mablanketi, cherehani, na masufuria yanayong'aa mpaka unaona meno yako ndani yake. Mimi nikashusha sanduku la vitabu. Sanga, Mkinga mmoja niliyekata naye mkonge shamba moja, alilinyanyua upande mmoja akaguna, akaniuliza kama nimewabebea wazee mawe ya Tanga. Nikamwambia ni vitabu. Akauliza vya nani. Nikamwambia vyangu, nimeviandika mimi. Akaliachia sanduku likaniangukia mguuni.

Hivyo ndivyo alivyopokewa mwandishi nyumbani kwao.

Shule nilisoma miaka mitatu tu, kule Kichiwa, na nusu ya miaka hiyo tulichunga mbuzi wa mwalimu. Lakini kuandika nilichokiona kwa macho yangu sikushindwa. Nilikwenda mkonge kama manamba, yaani mtu wa mkataba, anayeitwa kwa namba badala ya jina alilopewa na baba yake. Siku ya kuandikishwa karani alitusomea karatasi mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Akauliza, "Mmesikia?" Tukaitika, "Tumesikia!" Tukaweka dole gumba. Tulisikia nini? Hakuna aliyetuambia kwamba mwezi wa mkonge si mwezi wa angani. Siku usiyomaliza kazi yako haihesabiwi, na mwezi mmoja utakuzungusha mpaka usahau ulianza lini. Hakuna aliyetuambia kwamba jani la mkonge lina mwiba nchani, na mwiba ule unapenda macho. Jicho langu la kushoto liko kule mpaka leo. Ndiyo maana nikasema, hawa wanaokuja nyuma yangu wajue kabla ya dole. Nikaandika Jumapili kwa Jumapili, na mkataba ulipokwisha, pale wenzangu walipokimbilia maduka ya baiskeli, mimi nikaenda kwa mchapaji. Kikatoka kitabu chembamba chenye jalada la kijani, nikakiita Uliza Kabla ya Dole.

Sasa, dada yangu alikuwa na kijana wake, Elia. Huyu alifika darasa la nne, na kusoma alijua kuliko mimi. Nilimkuta tayari anaota baiskeli. Anakula anaizungumzia, analima anaizungumzia. Nikamkalisha nikamweleza mkonge wote kwa mdomo, kisha nikamshikisha kitabu. Akakigeuzageuza kama mtu anayekagua kuku mgonjwa.

"Mjomba," akasema, "una uchungu wa jicho lako, nami nakuonea huruma. Lakini kama haya ni ya kweli, mbona kitabu hakipo dukani? Kitu cha kweli kinakaa dukani. Hiki chako kinakaa chini ya kitanda cha bibi."

Nilitamani nimpige kofi. Lakini nilijua hayuko peke yake. Vijana wote wa Njombe walikuwa hivyo: neno la mjomba ni kelele, neno lililotoka dukani ni ukweli. Basi nikaapa moyoni kwamba kitabu kitakaa dukani, na Elia atakiona kwa macho yake kabla hajapanda lori. Wakati ule niliiamini ile methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliona kazi yangu ni kukifikisha rafuni tu, na mengine kitayafanya chenyewe.

Nikaanzia Njombe, kwenye duka la vitabu la kanisa letu la Kilutheri. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Yoramu. Namtaja kwa jina, na hata mbele ya haki nitamtaja.

"Barua ya mchungaji iko wapi?" akaniuliza.

"Barua ya nini, Mwalimu?"

"Ya kusema kitabu hiki ni kizuri."

"Si ukisome mwenyewe uone?"

"Mimi siwezi kukisoma kabla mchungaji hajakisoma."

Mchungaji alikuwa Ludewa, na barabara ya Ludewa unaijua. Mtu akienda huko wakati wa mvua, mnamwombea tu. Nikamngoja. Akarudi, akapumzika, akaugua, akapona, akasoma. Akasema kitabu ni kizuri sana, ila ukurasa wa pili una pombe, nikaiondoe. Niiondoeje, mwanangu, na kitabu kimeshachapwa? Niikwangue kwa kisu? Nikamfuata Yoramu hadi kwake Mjimwema, nikamkuta anakula viazi. Akaniambia, bila kuniambia karibu, kwamba sheria ni sheria.

Nikasema haya, mke wangu ni Mkatoliki, ngoja nijaribu kwa shemeji zangu. Pale dukani kwenye misheni yao nikakuta mtu mpole, ana miwani. Akaniuliza kitabu kimepita kwa nani. Nikamjibu kimepita kwa mchapaji. Akauliza, "Askofu amekiona?" Nikamwambia askofu hajawahi kukata mkonge. Akanirudishia kitabu changu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi. Mimi nilidhani nina mguu katika nyumba zote mbili. Kumbe huku nilikuwa nje, na huku nilikuwa nje.

Ikabaki Makambako. Na kwa kweli Makambako ndipo palipofaa tangu mwanzo, maana pale palikuwa na kambi ambapo manamba wapya walingojea lori. Duka kubwa pale njia panda lilikuwa la Mhindi mmoja, Kasamali. Alinisalimia "Kamwene" kwa Kibena safi kuliko cha wanangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho Yoramu hakunifanyia. Akasema, "Acha vitabu hapa mali kauli. Vikiuzwa, tutagawana. Visipouzwa, utachukua vyako, hakuna ugomvi." Akavipanga rafuni nyuma ya kaunta, kati ya taa za chemli na vibiriti, jalada la kijani likitazama mlangoni. Nilisimama nikavitazama kwa jicho langu moja mpaka likatoka machozi. Nikatuma salamu kwa Elia: njoo Makambako uone kama mjomba wako ni mwongo.

Siku ya soko nikaenda kuuliza.

"Hakuna aliyeuliza," akasema Kasamali.

Soko la pili, "Hakuna aliyeuliza." La tatu, akawa ananijibu kwa kichwa tu kabla sijafungua mdomo. Watu waliingia mbele yangu wakanunua chumvi, mafuta ya taa, sabuni, blanketi, wakatoka. Nikawachukia wote. Nikasema Wabena hatupendi kusoma, Wakinga wanapenda fedha tu, Wapangwa ndiyo kabisa. Nilitukana kila kabila linalopita njia panda ile, na langu kwanza.

Kisha siku moja nikaingia nikakuta rafu imejaa mablanketi. Vitabu sivioni. Kasamali hakuwapo, alikuwepo karani wake, Mlowe, Mbena mwenzangu, mtu wa huku huku.

"Vitabu vyangu viko wapi?"

"Vipo. Vimesogea."

Vimesogea! Utadhani vina miguu. Nikanyoosha mkono, nikavuta mablanketi, nikavikuta vimebanwa ukutani, migongo mbele, hata jina halionekani. Na huyu Mlowe, nikaja kujua, alikuwa akipokea chake kwa kila kijana anayemfikisha kambini. Kikulacho ki nguoni mwako. Mhindi alikipa kitabu changu nafasi, mzaliwa wa kwetu akakifunika blanketi.

Kisha akaniambia, huku anatabasamu, "Mpwa wako alikuwa hapa juzi. Kijana mzuri. Alisimama hapo hapo uliposimama wewe, akanunua blanketi. Ameshaweka dole, yuko kambini, lori linakuja kesho."

Mwanangu, nilikuwa nimechelewa. Nikachomoa kitabu kimoja, nikatoka pale nimekibana kwapani, sijui ninakokwenda, nikaangukia kwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, cha Mama Senyagawa, mtu mzima wakati huo, mvi kichwa kizima, mjane asiyeogopa mtu. Alikuwa ameniona kila soko nikitoka dukani nimevimba mashavu.

"Nani amekufa leo?" akauliza.

Nikamwaga yote. Yoramu, mchungaji, askofu, Mlowe, makabila yote. Nikamalizia kwamba chema chajiuza ni uongo wa watu wa kale. Akanisikiliza huku anamimina ulanzi kwenye vikombe vya mianzi, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Siku ya kwanza mama yako alipokutuma dukani, ulikwenda kutaka nini?"

"Chumvi."

"Na chumvi ulijuaje kwamba ipo?"

"Si niliila nyumbani!"

"Aa. Na kitabu chako, nani amekila nyumbani?"

Nikazidi kukibana kitabu kwapani.

"Wewe Chongo," akasema, na jina hilo kinywani mwake halikuuma, "dukani mtu anasimama mbele ya kaunta, kofia mkononi, anataja anachokijua, anapewa, anakwenda zake. Hakuna Mbena atakayemwambia Mhindi, nipe kile kitu nisichokijua. Ataona aibu mpaka afe. Wewe umekwenda kuweka chakula kwenye nyumba ambayo watu wanaingia wameshashiba. Na huyo aliyesema chema chajiuza, nakuhakikishia, alikuwa na duka. Hebu toa hicho kitabu usome. Watoto wa kambini wote wanakuja kunywa hapa jioni. Uwalambishe."

"Nisome kwenye kilabu? Mchungaji amekataa hata pombe ya ukurasa wa pili."

"Basi anza na ukurasa wa pili."

Wakaja. Vijana wa Njombe, wa Ukinga, wa Upangwa, mablanketi mapya mabegani, na Elia katikati yao. Aliponiona alitazama chini. Nikasimama nikasoma. Mwanzo walicheka, maana nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini nilipofika pale karani anaposoma karatasi mbio mbio, mmoja akasema, "Ndivyo alivyotusomea!" Wakaweka vikombe chini. Nikasoma mwezi usio wa angani. Nikasoma namna ya kukata jani: ncha kwanza, uso pembeni, usiiname juu yake hata kama mnyapara anakupigia kelele. Mmoja akaniambia nirudie. Nikarudia.

Mlowe akatokea mlangoni. "We Chongo! Unauza nini huku?"

"Nauza ulichofunika na mablanketi."

Kilabu kizima kikalipuka kwa kicheko. Akapiga kelele kwamba nawaharibu watu wenye mkataba, na kwamba atanifikisha bomani. Mama Senyagawa akamwambia, "Mlowe, ingia unywe au toka, unatuzibia mwanga. Bomani si wanajua kusoma? Wapelekee na wao kimoja."

Hao waliokuwa hawajaweka dole, wengine walirudi makwao usiku ule ule. Lakini Elia alishaweka, na wakati ule kumkimbia mwajiri wako ilikuwa jela. Alikuja kwangu kikombe mkononi, ujanja wote umemtoka.

"Mjomba," akasema taratibu, "nilisimama pale dukani. Sikukiona."

"Najua."

"Nipe kimoja niende nacho."

Nikampa. Kesho yake lori likaondoka naye.

Na sasa sikia kituko, usije ukadhani dunia ina aibu. Tangu jioni ile vijana walianza kuingia kwa Kasamali wakisema, "Nipe kile cha kijani, cha dole." Kasamali akaviteremsha, akaviweka juu ya kaunta, vikaisha. Hata Yoramu akaniandikia kwamba duka la kanisa limekuwa likiniunga mkono siku zote, na kwamba nilete viwili vitatu. Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Elia alirudi baada ya mkataba wake, nao ulirefuka vile vile nilivyoandika. Nilikwenda kumpokea njia panda. Aliposhuka, sikutazama mzigo wake wala sikumsalimia. Nilimshika kidevu nikamgeuzia kwenye mwanga kama mtoto. Macho mawili. Yote yananitazama.

"Ukurasa wa kukata ncha ni wa kweli," akasema. "Niliwasomea bweni zima mpaka kitabu kikachanika. Lakini chakula, mjomba, ulikisifia mno."

Basi, mwanangu, neno langu ndilo hili. Ukiwa na kitu kinachoweza kumwokoa mtu, usikipandishe rafuni ukakaa unangoja aulize. Asiyejua hawezi kuuliza. Huko ndiko kutojua kwenyewe. Kiteremshe, ukitembeze, kisome kwa sauti hata kama unasoma kwa kukwama, kisome hata kilabuni, na watakaokucheka waache wacheke huku wanasikia. Duka ni la vitu ambavyo watu wameshavionja. Usimngoje Yoramu akupe ruhusa, maana Yoramu naye anangoja ruhusa ya mwingine. Mlowe mtaje kwa jina, mbele za watu, mchana kweupe. Na atakapotokea mtu mzima akakuuliza swali linalokukosesha jibu, kaa hapo hapo mpaka ulipate, hata kama ana kikombe cha ulanzi mkononi.

Mungu akulinde katika nchi hii yenye baridi na katika zote utakazozifikia. Akupe sauti isiyokatika, jamaa wa kukukosoa bila kukuacha, na kila neno jema utakalolisema lipate japo sikio moja la kulipokea. Amina.